Plagi ya Silinda ya Tatu

Niliisikia kabla sijaiona. Lango la mabati la karakana lilikuwa limefungwa kuzuia vumbi la asubuhi, na kutoka upande wa barabara ulikuja mlio wa injini ambao mtu mwingine asingeujali. Pa, pa, pa, halafu kimya kidogo. Pa, pa, pa, kimya kidogo tena, kama mzee anayepanda ngazi na goti moja bovu.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimesimama na fagio mkononi, katika ovaroli ambayo miguu yake niliikunja mara tatu. Mzee Twaha alikuwa ameketi kwenye kasha la vipuri akinywa chai ya rangi.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Gari, Mzee."

"Gari hata ng'ombe anasikia. Umesikia nini?"

Niligeuka kutazama lango. Akamwaga masalia ya chai chini, akainuka, akasema, "Plagi ya silinda ya tatu," na hapo ndipo lango lilipofunguliwa, ikaingia stesheni wagoni kuukuu ya rangi ya maziwa, ndefu nyuma kama kitanda. Dakika kumi baadaye plagi ya silinda ya tatu ilikuwa juu ya meza, nyeusi, imelowa oili. Nilimtazama Mzee Twaha kama mtu aliyesoma barua bila kufungua bahasha.

Zilipita wiki nyingi kabla hajaniambia ukweli. Hakuna sikio linaloweza kujua namba ya silinda kutoka barabarani. Alichojua ni lile gari lenyewe: ringi za silinda ya tatu, zile zinazozuia oili isipande, zilikuwa zimechoka, kwa hiyo kila baada ya miezi michache plagi yake ilichafuka kwa oili. "Ukitaka watu wakuone mganga," aliniambia, "jua jambo moja ambalo wao hawajui, kisha nyamaza." Alilisema kwa mzaha. Mimi nililitenda, na haukuwa mzaha.

Nawaandikia ninyi mliobaki pale karakanani, ambao mwezi uliopita mlinikatia keki mkanipa saa ya ukutani. Asanteni kwa keki. Saa inakwenda mbele dakika nne kwa siku, lakini sasa sina pa kuwahi. Mliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukitafuta hitilafu za magari ya zamani, yale yasiyo na tundu la kuchomekea kompyuta yenu. Nitaandika. Lakini ndani yake kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kuwaambia, na kama mna haraka someni hilo, mwache mengine.

Mzee Twaha alizaliwa hapa Kisumu. Babu yake alikuja na reli kutoka pwani, akaoa huku, hakurudi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, chetu kilikuwa cha kuvunjavunja, na hakutucheka. Alichokicheka ni haraka. Gari likija linamisi, yaani linaruka mdundo, kijana yeyote hukimbilia spana. Yeye alikimbilia bomba la moshi. Alishika kipande cha karatasi karibu na mdomo wa bomba, akakitazama. Injini nzima husukuma karatasi nje kwa mdundo mmoja. Injini yenye silinda mgonjwa huisukuma, huisukuma, kisha huivuta ndani kidogo. Ukiona ile karatasi ikivutwa, umeshajua kuwa mgonjwa yupo. Bado hujajua ni nani.

Kumjua, tulitumia vibanio vya nguo, vile vya mbao. Injini ikinguruma, unabana waya wa plagi moja na kuuchomoa, unasikiliza. Mlio ukizidi kulegea, ile silinda ilikuwa ikifanya kazi, irudishie waya wake uiombe radhi. Mlio usipobadilika, umempata mvivu. Vibanio vya mbao, si vya chuma. Yupo mwenzetu aliyetumia koleo lisilo na mpira, na siku ile tulijifunza kuwa anaweza kuruka juu kuliko tulivyodhani.

Kisha unatoa plagi zote nne. Mzee Twaha alikuwa na ubao wa mvule wenye matundu manne, kila tundu na namba yake, na plagi iliyotoka ilikaa kwenye tundu lake. Ukizichanganya, ugonjwa unao lakini mgonjwa humjui. Halafu unasoma rangi. Plagi njema ina rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, petroli ni nyingi, kaangalie kabureta na kichujio cha hewa. Nyeusi yenye kung'aa, oili inapanda, mwandae mwenye gari kwa habari mbaya. Nyeupe kama chokaa, injini inaungua. Hapo hujabadilisha kitu, hujatumia kitu, na tayari injini imekueleza maisha yake.

Kama plagi ni nzima na bado gari linamisi, tulifunika boneti kwa blanketi zito saa sita mchana, tukaingiza vichwa chini yake kama watoto wanaocheza nyumba. Ndani ya lile giza, waya zilizochoka zilionekana zikitambaliwa na cheche za buluu. Hapa kwetu ziwa linapumua unyevu kila asubuhi, na waya yenye ufa mdogo huvuja umeme mpaka jua liukaushe. Alikuwapo karani mmoja wa Muhoroni aliyeleta gari mara tatu akilalamika kuwa linamisi, na mara tatu sisi tukaliona zima. Mara ya nne Mzee Twaha alimwomba aliache lilale uani. Alfajiri, kabla ya umande kukauka, lilimisi mbele yetu sote. Kifuniko cha distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi, kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Na alikuwapo mama wa dagaa, yaani omena, ambaye panya walikuwa wakitafuna waya zake kila wiki. Panya hawakuwa na ugomvi na injini. Walikuwa wakifuata harufu.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Mzee Twaha hakuifanyia mzaha. Plagi iliyoanguka haipandi tena kwenye injini, hata kama ni mpya, hata kama inang'aa. Ile kaure nyeupe inayoizunguka ikigonga sakafu inaweza kupasuka ufa ambao jicho halioni. Ndiyo maana alitufundisha kupitisha ukucha juu yake polepole. "Jicho huamini linachotaka," alisema. "Ukucha hauna haja na lolote." Na plagi yenye ufa ni mwongo wa aina yake. Gari likisimama limewashwa, cheche inaruka mahali pake, mdundo ni safi. Lakini likibeba mzigo, likikanyagwa mafuta, shinikizo ndani ya silinda linapanda na cheche inaona njia ya mkato, inapita kwenye ufa, inapotelea kwenye chuma. Karakanani linakusifu. Barabarani linakuaibisha.

Sasa nije kwa lile jambo.

Ile stesheni wagoni ya siku yangu ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu Ogutu, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Bondo aliyekuwa akiishi mjini na binti yake. Alikuja kila baada ya miezi mitatu. Aliketi kwenye benchi letu na gazeti, na siku moja aliinuka akasahihisha kwa chaki maandishi ya kibao chetu, kisha akatupa alama tano kwa kumi. Binti yake, Akinyi, alikuwa muuguzi. Sisi tulimwita Sista. Alikuja naye mara nyingi akiwa bado na viatu vyeupe vya kazini, akimkumbusha dawa.

"Twaha," Mwalimu alikuwa akisema akipigapiga boneti, "hii gari ndiyo itanipeleka dala. Usikubali ikufe kabla yangu." Dala ni nyumbani, boma la baba zako, mahali ambapo Mjaluo lazima azikwe.

"Mwalimu, wewe endelea kuishi tu," Mzee Twaha alimjibu. "Ringi zako ni nzima kuliko zake."

Hazikuwa nzima. Tumbo lilimshika Mwalimu. Ndugu yake wa kumfuata, Baba Oduor, alitaka apelekwe Bondo akatibiwe kwa dawa za nyumbani. Akinyi alikataa. Alimpeleka hospitali, akapasuliwa, na siku ya tatu Mwalimu akafa. Akinyi kama muuguzi alijua kuwa ugonjwa ulikuwa umeshamaliza kazi yake kabla kisu hakijagusa ngozi. Lakini katika familia maneno yalikuwa yameanza, na Baba Oduor ndiye aliyekuwa mkubwa wa waliobaki.

Wakaleta gari tuliandae, kwa kuwa marehemu alitaka libebe jeneza lake. Mzee Twaha alikuwa kitandani na malaria. Nikabaki mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona fundi.

Nilisafisha pointi za distributa kwa msasa, nikapima nafasi yake, nikafungua plagi nne mpya. Ya tatu iliteleza kidoleni. Ilianguka kwenye saruji na kutoa sauti ndogo, tik, kama jino linalogonga kikombe. Nikaiokota. Niliitazama kwenye jua, nikaigeuza, haikuwa na alama. Duka la vipuri lilikuwa mtaa wa pili, dakika kumi kwenda na kurudi. Na pale langoni alikuwa amesimama Baba Oduor, kofia mkononi, akitazama saa.

"Fundi, maiti haingoji," alisema.

Niliifuta plagi kwa shati. Sikupitisha ukucha. Niliifunga.

Injini iliwaka mara moja na kutulia kama maji ya mtungi. Nilifurahi.

Desturi ya karakana yetu, mnaijua, ni kuwa gari letu likibeba maiti, fundi anakwenda nalo. Mimi nilipanda pikapu iliyofuata nyuma, sanduku la vifaa miguuni. Mbele yetu, binamu mmoja aliendesha gari la Mwalimu, Baba Oduor kando yake, na nyuma Akinyi alikuwa amejibana pembeni mwa jeneza, ameketi kwenye mkeka, mkono wake juu ya kifuniko.

Tulitoka mjini vizuri, dereva akikanyaga mafuta kidogo kidogo. Tulipofika Otonglo soko lilikuwa limejaa. Dereva alipunguza mwendo kwa heshima, akinamama wa nyanya wakasimama. Alipokanyaga mafuta ili aondoke, niliusikia. Pa, pa, pa, kimya kidogo. Gari likaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, likazima.

Baba Oduor alishuka, akavua kofia. Akaligonga jeneza kwa vidole kupitia dirishani, kama mtu anayebisha hodi.

"Mwalimu, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wadhi dala. Twende nyumbani. Watu wanakungoja, kaburi liko wazi. Usituaibishe sokoni."

Kwetu jambo hilo si la kuchekwa. Gari lenye maiti likikataa, watu husema marehemu ana neno, na mkubwa wa ukoo huongea naye kwa upole mpaka akubali. Nimeshuhudia wazee wakisimama barabarani wakibembeleza jeneza kama wanavyombembeleza bwana harusi aliyenuna, na mwisho gari huwaka.

Liliwaka. Likatembea hatua mia moja, likaanza tena, likazima. Shangazi mmoja akaimba wimbo wa kanisa. Likawaka, likazima mara ya tatu. Sasa soko lote lilikuwa limegeuka kutazama. Nilikuwa nimeshafika mbele na sanduku langu, boneti iko wazi, na kabla sijagusa kitu nilijua. Nilijua namba ya silinda. Safari hii sikuhitaji uganga.

Nyuma yangu nikasikia, "Akinyi. Shuka."

"Baba mdogo, mimi?"

"Shuka kwa gari."

"Nimefanya nini?"

"Nimeongea na yeye mara tatu. Hajakataa nyumba. Amekataa wewe."

"Nimemwosha kwa hii mikono yangu, Baba."

"Hiyo mikono ndiyo ilimpatia watu wa kisu."

Nilikuwa nimeifungua plagi ya tatu kwa kitambaa, ya moto. Nilipitisha ukucha. Ukanasa. Ufa ulikuwa pale, mwembamba, umezunguka nusu ya kaure. Ndani ya sanduku nilikuwa na plagi moja ya zamani, nzima. Mikono yangu ilifanya kazi yake huku masikio yangu yakisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, viatu vyeupe vikigusa changarawe. Nikarudisha waya. Dereva akawasha.

Injini ikaimba.

Akinyi alikuwa ameshuka muda huohuo. Miguu yote miwili ilikuwa chini, gari likawaka na halikumisi, hata alipokanyaga mafuta kwa nguvu. Baba Oduor hakupiga kelele. Alivaa kofia tu, akawaambia watu, "Mmeona."

Waliona. Mtu mmoja tu pale sokoni hakuona walichokiona, na huyo alikuwa anafunga boneti. Niliiweka ile plagi mfukoni ikiwa bado ya moto, ikaniunguza pajani. Nilijiambia nitasema tukifika. Kisha nikajiambia nitasema baada ya mazishi, nisiharibu ibada. Kisha giza likaingia na watu wakala. Akinyi alikuwa amebaki Otonglo kando ya wauza nyanya, mkoba mkononi. Alikuwa ameambiwa kwamba akikanyaga dala, jeneza halitateremka. Hakutaka baba yake aaibishwe mara ya pili. Alirudi mjini kwa miguu.

Mzee Twaha alipopona nilimwekea plagi mezani nikamweleza yote. Alipitisha ukucha, akairudisha mezani.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, Mzee."

"Basi hujasema bado."

Nilimwomba aende yeye, ana heshima, ana ndevu, watamsikiliza. Akatikisa kichwa. "Nikilibeba mimi, wewe utalisahau." Akachukua kipimo cha nafasi, chombo cha fundi, kutoka mfuko wa ovaroli yangu, akanipa jeki. Mwaka mzima nilibadilisha matairi. Kila Ijumaa akirudi msikitini aliuliza, "Ulikwenda?" Nikasema bado. Mwaka ulipoisha alinirudishia kipimo na akaacha kuuliza. Lile swali lilikuwa mzigo. Kuacha kuulizwa kulikuwa mzigo mzito zaidi. Amezikwa hapa mjini sasa, na ubao wake wa mvule ndio ule mnaoutumia kuwekea vikombe.

Miaka ikaenda. Msinione mtu mwovu, na msinione mwema. Nilikuwa fundi hodari, nilipata wateja, niliwafundisha ninyi kupitisha ukucha na mkanicheka. Mara moja nilimpeleka mwanangu hospitali na homa, usiku wa mvua, na muuguzi aliyempokea alikuwa Sista Akinyi. Alimshika mkono mpaka akalala. Alinitambua. "Wewe si fundi wa kwa Mzee Twaha?" Nikasema ndimi. Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuongea. Nilimshukuru kwa sindano. Nilisikia kwa watu kuwa hajawahi kurudi Bondo, hajaliona kaburi la baba yake, na kwamba wanawe wanapouliza kwao ni wapi, anawaambia kwao ni Kisumu.

Siku mliyonikatia keki nilisafisha droo yangu. Nyuma kabisa lilikuwepo kopo la majani ya chai, na ndani ya kopo kitambaa, na ndani ya kitambaa mnajua nini. Niliketi pale mpaka mlipofunga lango mkidhani nimekwenda.

Asubuhi nilikwenda kwake. Amestaafu kama mimi, nywele zimekuwa nyeupe, viatu sasa ni vya kahawia. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikiketi nitaanza na habari za hali ya hewa. Nilimwambia ilivyoanguka, nilivyoifuta kwa shati, nilivyoibadilisha wakati yeye anashuka. Nikamwekea mezani.

Hakuigusa.

"Nilikuona ukiweka kitu mfukoni," alisema. "Siku ile. Miaka hii yote nilijiuliza ni nini. Nikasema labda ni spana."

"Nisamehe, Sista."

"Mimi nimeshughulikia wagonjwa maisha yangu yote, Fundi. Unajua kuna wakati niliamini? Nilikaa nikafikiri, labda baba kweli alinikataa." Aliufunga mkono wake, akaufungua. "Mimi hii maneno usiniambie mimi. Mimi sikukaa kwa ile mahakama. Waambie walionihukumu."

"Baba Oduor yuko?"

"Yuko. Macho yamekwisha, masikio yako. Lete gari."

Tuliondoka na kagari kangu, karibu rika moja na mimi. Tulipokaribia Otonglo, mguu wangu ulijiondoa wenyewe kwenye mafuta.

"Usisimame hapa," alisema Akinyi, akitazama mbele.

Sikusimama.

Dala ya Mwalimu iko nje kidogo ya mji wa Bondo, ua wa mitobosha, ile miti yenye utomvu mweupe, nyumba mbili za mabati, kaburi lenye saruji iliyopasuka mbele ya nyumba kubwa. Stesheni wagoni ilikuwepo, juu ya mawe, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha mbele. Akinyi alitaka kuingia, akasimama mlangoni. Alikuwa muuguzi mstaafu mwenye wajukuu, na alisimama kwenye mlango wa baba yake kama mtu anayekuja kuuza kitu.

Ndani, Baba Oduor, ambaye sasa ndiye aliyeitunza nyumba hiyo, alikuwa kwenye kiti cha mbao, blanketi magotini. Mke wake alikuwepo, na majirani wawili wazee waliokuja kumjulia hali. Mmoja wao alisema alikuwa kwenye ule msafara. Aliposikia jina la Akinyi, Baba Oduor alinyanyua kidevu. Nikaanza. Niliongea Kiswahili, nikachoka, nikaongea Kijaluo. Niliwaambia kwamba Mwalimu hakukataa mtu. Kilichokataa ni chuma na kaure, na aliyekivunja ni mimi. Nilisema nilivyonyamaza, na miaka niliyonyamaza.

"Wewe ndiye ulikuwa unafungua boneti," alisema mzee mwishowe.

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi ndiye nilikuwa nakuambia uharakishe."

"Ndiyo."

"Lete hiyo kitu."

Nilimwekea plagi kiganjani. Aliigeuza kwa vidole vilivyokauka, akaisogeza kwenye macho yasiyoona, akaishusha. Nikamshika kidole gumba, nikauongoza ukucha wake juu ya ile kaure polepole, kama nilivyofundishwa. Ukanasa. Akarudia mwenyewe. Ukanasa tena. Alirudia mara tatu, na kila mara nilisikia ile sauti ndogo ya ukucha, na nadhani wote chumbani waliisikia.

"Nilimwongelesha mara tatu," alisema, si kwetu. "Na kila mara nikasikia nilichotaka."

"Nyara," mzee aliita. Hilo ni neno la baba kwa binti yake. "Uko wapi?"

"Niko hapa mlangoni, Baba."

"Kwa nini unasimama kwa mlango wa kwenu? Ingia. Mama yako mdogo akupe chai. Na huyu fundi pia apewe, asiende na njaa."

Akinyi aliingia. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha, kile ambacho mtu yeyote angejua kilikuwa cha Mwalimu, maana hakuna mwingine aliyekuwa amekikalia. Hakulia. Aliweka mkoba wake sakafuni, akauachia.

Mzee aliomba fimbo yake. Mke wake alisema ngoja, jua ni kali, akushike mkono mtu. Akakataa. Alijiinua kwa shida, plagi ikiwa bado kwenye ngumi yake, akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Nilisogea nimsaidie, akanizuia kwa fimbo.

"Kaeni nyote," alisema. "Nina neno na ndugu yangu."

Akavua kofia, akatoka kwenda upande wa kaburi, akaufunga mlango nyuma yake.